Ndiyo ya Tata

Kapata, Kolwezi
Tarehe 12 Juni 2025

Mpendwa Yaya Badibanga, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu za moyo, wewe na mke wako Mama Ariel, pamoja na watoto. Mmeamkaje huko Sandoa? Sikio la Shekina mdogo limepona? Na mahindi, mlivuna kabla ya wezi? Sisi hapa tuna afya. Baridi ya Juni imeingia na vumbi lake. Asubuhi Tata anaota jua ukutani, amevaa lile koti la bluu la kazini, na kikohozi kimepungua. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine yote: baba yetu ni mzima.

Djafari akikupa barua hii, utakuwa umekwisha kuchungulia ndani ya lori lake na kuona kwamba Tata hayumo. Najua ulimjengea chumba. Najua Mama Ariel amepaka kuta chokaa. Usimlaumu Djafari, yeye alikwisha kutafuta hata godoro la kumlazia kwenye kabina. Ni mimi niliyemwambia asimpakie. Sikutaka kukuambia kwa simu, maana simu ndiyo iliyotuponza tangu mwanzo.

Nianze na kazi yangu, ili unielewe. Nilikueleza kwamba nimepata kibarua kwa Madamu Charlotte, mwalimu wa saikolojia kutoka Lubumbashi. Anachunguza jinsi watu wa mitaa ya migodi wanavyojieleza wenyewe. Kazi yetu ni kumketisha mtu na kumwomba amalizie sentensi inayoanza na "Mimi ni", kisha tena, kisha tena, mpaka maneno yamwishie. Unaweza kucheka. Mimi pia nilicheka.

Lakini kabla ya kwenda mitaani tulifundishwa namna ya kuuliza, na huko ndiko kicheko kilikoniishia. Usitikise kichwa. Usitabasamu jibu likikupendeza. Usimpe mtu swali lenye jibu tumboni: ukisema "Si unapenda kazi yako?" umekwisha kujijibu mwenyewe. Na utazame ni nani amekaa karibu, kwa sababu mtu huwajibu wote wanaomsikia, si wewe peke yako.

Nilitoka darasani nimekosa raha. Nyumbani nilifungua shajara yangu, Jumapili ya tarehe 4 Mei, siku tuliyoongea nawe. Nilikuwa nimeandika: "Tata amekubali kwenda Sandoa." Basi, mstari mmoja. Nikajaribu kukumbuka tulivyouliza. Simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa ili kila mtu asikie. Mchungaji alikuwepo, na Mama Kabedi wa mlango wa pili alikuwepo. Wewe ulisema: "Tata, si utafurahi kukaa na wajukuu, mbali na vumbi na baruti?" Mimi nikadakia: "Na lori ya Djafari iko." Tata akasema: "Ndiyo, batoto. Nitafurahi." Mchungaji akaomba palepale, tukaitikia amina.

Yaya, mzee gani angesema hapana mbele ya watu wale? Na baada ya amina, angerudi nyuma kwa mlango gani?

Sasa sikiliza hili. Nyumba za kuhojiwa zinachaguliwa kwa kura, na kura ikaangukia kwetu. Kanuni inakataza kumhoji ndugu yako, kwa hiyo mimi nilitumwa mtaa mwingine, akaja mwenzangu Josias, kijana ambaye mama yake ni wa huko kwenu Sandoa. Kanuni inataka pia mtu ahojiwe peke yake. Lakini hii ni Kapata. Mgeni akiingia kwa mzee na karatasi mkononi, jirani anakuja na kiti chake. Kumwacha mzee peke yake na mgeni ni aibu, ni kama kumtelekeza mgonjwa. Mama Kabedi alikwisha kukaa kabla Josias hajatoa kalamu. Ndiye aliyenisimulia yote, maana kiapo chetu cha siri hakimhusu.

"Mi ni mutu ya Kampuni ya mugodi," Tata alianza.

"Kampuni gani tena? Ile ilikufaka zamani!"

"Mama Kabedi, ni mi njo banauliza, hapana weye."

"Bon. Mutoto, andika: yeye ni mukali."

Josias akamwomba mama amwachie mzee aseme. "Mi njo namuzuia?" mama akajibu. "Aseme!" Tata akaendelea: ni Tata ya Badibanga na Kapinga, ni fundi ya mota, ni mutu ya kanisa. Kisha akamtazama Josias akasema: "Na mi ni mutu ya Sandoa, karibuni hivi. Kule ni kuzuri." Josias akafurahi, akashukuru, akaaga. Hajafika barabarani, Tata akamgeukia Mama Kabedi.

"Sandoa," alisema. "Kule mi nitakuwa nani?"

Tangu nilipolisikia neno hilo sijakaa nikatulia. Sokoni namsikia muuzaji akiniuliza "Nyanya hizi si nzuri?" na nataka kumsahihisha. Nikimpa Tata chai namuuliza kama sukari inatosha, akisema ndiyo nasimama namtazama mpaka anakasirika. Wewe ulipata ndiyo kwa simu, Josias akapata sifa za Sandoa, Mama Kabedi akapata lile swali. Nilimuuliza Madamu Charlotte, bila kutaja jina: mtu akiwajibu watu watatu majibu matatu, lipi ni lake? Alisema: "Usitafute muongo hapo. Andika nani alikuwa mbele yake." Kwa utafiti ni jibu zuri. Lakini lori halibebi theluthi moja ya mtu.

Nikajaribu karatasi ile mwenyewe. Mbele ya Madamu niliandika kwamba mimi ni mhoji, mimi ni mwenye diploma, mimi ni mtu makini. Nyumbani nikaandika mimi ni binti, mimi ni mdogo wa Yaya, mimi ni mpishi wa nyumba hii. Kisha nikataka kuandika moja tu ambayo haimwangalii mtu yeyote. Kalamu ilisimama, na mpaka leo haijaondoka pale.

Basi Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilimkuta Tata nyuma ya nyumba akifunga waya mpya kwenye mota ya kinu cha jirani. Unajua anavyofanya, midomo imebana, vidole vinahesabu vyenyewe. Nikakaa. Nikauliza kama nilivyofundishwa, uso mkavu: "Tata, ukiwaza miezi inayokuja, unaona nini?"

Akaniangalia juu ya miwani. "We ni polisi? Uliza kama mutoto."

Nikauliza kama mtoto. Nikamwambia kwamba tulimuuliza vibaya siku ile, kwamba hata sasa anaweza kukataa, na hakuna atakayekasirika. Hilo la mwisho, Yaya, nilisema bila kuwa na hakika nalo.

"Nilisema ndiyo juu mulikwisha kupanga," alisema. "Mi balikwisha kunipakiaka mara moja."

Unajua anachosema kuliko mimi, maana mimi sikuwa nimezaliwa. Ni miaka ile sisi Wakasai tulipofukuzwa huku migodini, yeye na marehemu Mama wakalala stesheni na vyombo vyao, wewe mgongoni, wakisubiri treni ambayo hawakuiomba. "Tangu ile," akasema, "bakiniambia motokari imefika, napanda. Siulizaki."

Nilimshikia ncha ya waya.

"Na weye, Kapinga? We unataka nini?"

Katika mpango wetu wote, hilo ndilo swali ambalo hakuna aliyeniuliza. Wewe hukuniuliza, nami sikujiuliza. Nilitaka kwanza kutafuta jibu litakalomtuliza, nikaliacha. Nikasema: "Mi nataka ubakie."

Akavuta waya, akaukaza, akakata ncha. "Bon," alisema. "Nabakia. Unipe ile koleo."

Sasa Yaya, kwa kanuni za Madamu jibu hilo limeharibika. Nililitia kinywani mwake mimi mwenyewe, na pengine alilisema ili kunifurahisha mimi kama alivyokufurahisha wewe mwezi wa tano. Nimelijua hilo tangu dakika ile, na linaniwasha kama upele. Nimelipokea hivyo hivyo. Nilitoka kwenda kwa Djafari kabla sijapata nafasi ya kulichambua.

Ninakuomba uje mwenyewe kabla ya mvua kuanza. Usimpigie kwanza. Ukifika usimuulize chochote, kaa naye nyuma ya nyumba, umshikie waya. Mimi nitakwenda Musonoi kazini nisiwasikie. Akikuambia kwamba anataka kuondoka nawe, nitamfungia mizigo kwa mikono yangu, ingawa nitalia. Na kama umenikasirikia, njoo na hasira yako, usiiache Sandoa. Heri unigombeze uso kwa uso kuliko kuniambia kwa simu kwamba haidhuru.

Mpe Mama Ariel pole zangu kwa chumba alichokitayarisha. Mwambie Ariel babu yake amepokea picha ya trekta na ameibandika juu ya kitanda. Mkumbatie Shekina. Mama Kabedi anakusalimu na anasema usije mikono mitupu, samaki wa huko anawajua. Tata anasema ukae vizuri na watu wa hapo. Hakuagiza neno jingine, na mimi sikumuuliza.

Mungu aliyewarudisha Tata na Mama kutoka kule treni ile ilikowapeleka, na wewe mgongoni, awalinde wote chini ya paa lenu, na akufungulie njia ya kuja kwetu.

Wako akupendaye, na anayekungoja bila kutulia,

Kapinga