Anayeumwa ni Mdogo Wangu, Anayetafutwa ni Wifi

Shangazi wa ukurasa huu, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimefunga mlango wa chumba cha kushonea, wateja nimewaambia kichwa kinauma, na wala si uongo, maana maji yamenifika shingoni na sina wa kumwambia ila wewe usiyeijua sura yangu.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeolewa huku lakini kwetu ni ng'ambo ya geti la mpaka, nchi nyingine kabisa kwa mujibu wa askari, ingawa ukiinjika chai unaweza kwenda kumsalimia mama ukarudi kabla haijachemka. Nilipojifungua, mdogo wangu wa kike alivuka kuja kunisaidia kulea, na mimi sikujua kwamba kule alikuwa ameanzishiwa dawa za kifua kikuu, aliniambia tu alikuwa na kikohozi kikapona, kumbe alipoona amepata nafuu na nguo zimeanza kumbana akaziacha, na tena aliogopa kuvuka nazo getini wasije wakamuuliza ni za nini, na alisikia watu wakisema dawa za kule haziendani na za huku. Kikohozi kikarudi, Shangazi, na safari hii kimekuja na damu.

Sasa sikiliza nilichofanya. Huku mpakani kuazimana majina ni kitu cha kawaida kama kuazimana chumvi. Mtu wa kule akija kujifungua huku anatumia jina la wifi yake, wa huku akienda kung'olewa jino kule anajiita binamu yake, watoto wanachanjwa kwa majina ya watoto wa jirani, na hakuna anayeshangaa, kwa sababu ukisema wewe ni wa ng'ambo unaogopa utaambiwa urudi kwenu. Basi na mimi nikampeleka kituo cha afya cha hapa nikamwandikisha kwa jina la wifi yangu, dada wa mume wangu, bila kumwambia wifi mwenyewe, nikijua ni jambo la siku moja, tupewe dawa ya kikohozi tuondoke zetu. Wakapima makohozi, wakakuta ni kifua kikuu, wakampa dawa za kuanzia na kumwambia arudi kuchukua nyingine, asiporudi mhudumu wa afya atamfuata nyumbani. Nyumbani kwa nani? Kwa mwenye jina!

Mdogo wangu akaogopa kurudi, na mimi nikaogopa zaidi yake. Mhudumu akaenda kumtafuta wifi. Wifi yangu tunamwita Kasuku kwa jinsi anavyopenda kuongea, ni mpishi wa shule ya msingi na amechumbiwa na fundi pikipiki. Mhudumu hakumkuta nyumbani, akamfuata shuleni, akamkuta anakoroga uji mbele ya wenzake, akamwambia, "Dada, mbona hukurudi kuchukua dawa zako za kifua kikuu?" Kasuku akacheka, akidhani anataniwa. Mwalimu mkuu aliyekuwa amesimama mlangoni hakucheka.

Ameshapimwa, hana kitu, lakini wapo wanaosema labda amepeleka makohozi ya kuazima, na kwa watu wa hapa hilo wala si la ajabu. Ameambiwa akae nyumbani asiguse chakula cha watoto mpaka mambo yaeleweke. Mama wa mchumba wake amesema harusi isubiri kwanza. Kila mchana Kasuku anakuja kwangu, anakaa kwenye kigoda karibu na cherehani, analia, ananiambia, "Wifi, wewe peke yako ndiye unayeniamini." Nami namfuta machozi kwa vipande vya vitambaa, huku mdogo wangu yuko chumba cha pili anauma mto ili asikohoe.

Mume wangu nimemwambia ni pumu. Dirisha la chumba kile nimelifunga majirani wasisikie, na mdogo wangu akizidiwa wakati nina mteja, nakanyaga cherehani kwa nguvu hata kama hakuna kitambaa chini ya sindano, kelele zimfunike. Mwanangu mchanga ndiye anayeshinda naye humo ndani. Dawa zimekwisha na siwezi kwenda kuomba nyingine. Mama amenipigia simu kwamba wahudumu wa kule nao wanapita kwake wakimuulizia, na mdogo wangu kila siku ananiambia, "Dada, niache tu nikafie kwa mama."

Nimewaza siku ya soko, watu wanapovuka kwa wingi, nimvushe kimyakimya, na huku Kasuku atasafishika mwenyewe watu watakapochoka kusema. Nikitoboa siri naogopa nitakosa ndoa, nitakosa wifi, na mdogo wangu atafukuzwa nchi akiwa anatema damu. Nikae kimya au niseme, na nikisema nianze na nani? Nakuomba Shangazi usinitukane sana.

Fundi Cherehani, jirani wa geti

*

Marahaba, fundi.

Umeomba nisikutukane sana. Nimekusikia, nitakutukana kidogo. Lakini kwanza nikupe pole, na ninaitoa kwa moyo wote. Ulimwona mdogo wako anatema damu ukamshika mkono ukampeleka kwa wataalamu, wakati wengine wangemkorogea asali na tangawizi mpaka siku ya kumzika. Na hofu yako ya geti hukuitunga. Mtu akiishi miaka yote anaulizwa wewe ni wa wapi kabla hajaulizwa unaumwa nini, hujifunza kusema uongo hata pale ambapo ukweli ungemsaidia. Hilo nalielewa, na limenisikitisha.

Sasa nenda kafungue dirisha. Usimalize kusoma kwanza, nenda. Chumba ulichokifunga ili majirani wasisikie kikohozi ndicho kinachomtunzia mwanao vijidudu. Umeificha sauti ya ugonjwa, na ugonjwa wenyewe umeuacha ulale na mtoto mchanga.

Umerudi? Haya, tuendelee.

Barua yako ilinifanya nimpigie simu muuguzi mmoja wa kliniki ya kifua kikuu, rafiki yangu wa siku nyingi asiyependa maneno mengi. Nilimweleza habari ya majina, habari ya uji, habari ya mchumba, yeye akanikatiza: "Mgonjwa yuko wapi sasa hivi, na nani anampa dawa?" Nikasema hakuna. Akaniambia nikuandikie kwamba kuanza na kuacha, kuanza na kuacha, ndiko kunakoufanya ugonjwa huu ukaidi dawa, na mdogo wako ameshaacha mara ya pili. Hili ndilo la kukukosesha usingizi, fundi. Maneno ya majirani yaweke kando.

Habari za dawa za kule kutoendana na za huku ni porojo za foleni ya getini. Ugonjwa ni uleule na unatibika pande zote mbili. Mgonjwa anayehama anapewa barua ya uhamisho, na muuguzi wa huku anaweza kumpigia simu wa kule akajua alimeza nini na aliachia wapi. Lakini watamuuliziaje mtu wasiyemjua? Tazama mlichokifanya: ng'ambo wanamtafuta mgonjwa hawamwoni, huku wamempata mgonjwa asiyeumwa. Vituo viwili vinahangaika kwa nia njema, na mwenye kuumwa amelala katikati yao akiuma mto.

Siku ya soko usiitaje tena. Unataka kumpitisha mtu anayekohoa katikati ya umati wa nchi mbili, bila dawa, umkabidhi kwa mama ambaye kwa umri wake kifua chenyewe si cha kuamini. Kifua kikuu hakina kitambulisho na hakuna askari anayekizuia getini. Huyo humvushi ili apone, unamvusha ili wewe upumue. Samahani, lakini ndivyo ilivyo.

Unauliza uanze na nani. Anza na kituo cha afya, kesho asubuhi, wewe na mdogo wako. Afunike mdomo na pua kwa kitambaa, na vya kushona unavyo tele. Mwombe muuguzi mkae pembeni, umwambie yote. Siwezi kukuapia kwamba hakuna atakayewauliza maswali ya mpaka. Ninachojua ni kwamba kazi ya muuguzi ni dawa, si geti, na akimfukuza mgonjwa wa namna hii atakuwa amewaachia ugonjwa watu wake mwenyewe. Mtu akikuletea ujeuri, omba kumwona mkuu wa kituo, usiondoke bila dawa. Mwanao mpeleke siku hiyohiyo, apimwe na apewe dawa za kumkinga. Endelea kumnyonyesha. Wewe na mume wako mpimwe pia, kwa sababu huyo bwana amekuwa akivuta hewa ya ugonjwa huku akiambiwa ni pumu.

Ukitoka kituoni, usipite sokoni wala kwa shoga yako, nenda moja kwa moja kwa Kasuku. Mwambie kabla mume wako hajajua, kwa sababu aliyechafuliwa ni yeye. Mwambie kwa maneno mafupi: nilitumia jina lako, mgonjwa ni mdogo wangu, nilikaa kimya nikikuona unalia. Kisha mwache apige kelele. Usianze kulia wewe mpaka yeye ndiye akubembeleze. Ninawajua watu wa namna hiyo, nami mwenyewe nina ndugu wawili wa aina hiyo. Akikufukuza, ondoka, urudi kesho yake.

Halafu msafishe palepale alipochafuliwa. Alivunjiwa heshima jikoni kwa shule, basi utasimama jikoni kwa shule, wewe na muuguzi, mbele ya mwalimu mkuu na wapishi wenzake. Ugonjwa wa mdogo wako huna ruhusa ya kuutangaza, inatosha kusema jina lilitumiwa bila mwenyewe kujua na kwamba Kasuku ni mzima. Kwa mama wa mchumba nenda na mume wako, ambaye atakuwa ameshaambiwa usiku uliotangulia na ameshakasirika vya kutosha. Atakasirika, ndiyo. Ndoa nyingi zimehimili hasira. Na mhudumu wa afya, kama unasoma hapa, nawe una lako: siri ya mgonjwa haizungumzwi juu ya sufuria la uji.

Na ninyi wengine wa mpakani mnaosoma huku mkimcheka fundi, hebu kila mtu amtazame mwanawe. Yule aliyechanjwa kwa jina la mtoto wa jirani, kituo kinajua mtoto wa jirani ndiye aliyechanjwa. Siku yakizuka maradhi, mmoja atachomwa mara mbili na mwingine atarukwa, na hamtajua ni yupi mpaka homa iwaambie. Nendeni mkasahihishe. Viongozi wa pande zote mbili nao waseme waziwazi, kwenye mabango na kwenye redio, kwamba mgonjwa wa ng'ambo atatibiwa bila kufukuzwa. Wakilisema hilo na kulitimiza, watu wataacha kuazimana majina bila hata kukatazwa.

Fundi, mdogo wako hajafikia kufa. Anayesema anataka kwenda kufia kwa mama ni mtu aliyechoka kufichwa. Leo mwambie kwamba atapona, mwambie utakaa naye kila siku mpaka ameze kidonge cha mwisho, iwe huku iwe kule, na uwe unamaanisha. Kesho mkifika kwenye meza ya muuguzi, akauliza mgonjwa anaitwa nani, wewe nyamaza. Mwache ajibu mwenyewe.