Teke la Bunduki Mpya

3 Machi

Mama,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila uchovu umenizidi. Doria za hifadhini haziishi.

Tumeletewa bunduki mpya. Zile za zamani gesi ya baruti ilipita kwenye kibomba hadi kwenye boliti, kile chuma kinachosukuma risasi chemba, bunduki ikanisukuma begani taratibu, ingawa moshi uliniingia machoni. Hizi gesi inagonga pistoni, pistoni inagonga boliti, nami nagongwa bega. Mbele ni nzito, mtutu unacheza. Risasi zangu zote zinaangukia chini ya shabaha. Nimefeli jaribio la kulenga shabaha. Nikifeli tena naondolewa doria, nikafungue lango la magari. Wewe umezeekea karakana ya silaha, niambie: bunduki hii ina teke kali, au bega langu ndilo limechoka?

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, halina habari mpya.

Hujakosea. Pistoni ni chuma kinachokimbia huko mbele, kwa hiyo mshtuko wake ni mkavu zaidi. Ya zamani inasukuma moja kwa moja, laini, lakini inakulisha masizi. Tofauti ndiyo hiyo, wala si kubwa ya kukufelisha. Tena teke huinua mtutu. Risasi zako zinakwenda chini. Hapo umenitia wasiwasi.

Mwenzako akujazie risasi, achanganye na ya bandia isiyo na baruti, usijue ipo wapi. Ukiifikia, tazama mtutu. Halafu uniambie ukweli, si kama ule unaoniambia kuhusu kula.

Mama yako

20 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Kimya chako kimezidi. Nimepiga simu ofisini kwenu, wakasema u mzima. Mzima kivipi, hawakusema.

Mama yako

2 Mei

Mama,

Shikamoo, na unisamehe. Nilifanya ulivyosema. Ya bandia ilipofika ilisikika tiki tu, na mtutu ukainama. Niliuinamisha mimi. Nikaomba bunduki ya zamani, ikawa vilevile.

Tangu majangili walipotufyatulia risasi pale mtoni, Mrefu, mwenzangu wa doria, akaanguka ubavuni mwangu asiinuke tena, kila nikigusa kifyatulio mwili unajikunja kabla ya mlio. Nilitaka iwe pistoni, Mama. Jaribio ni mwisho wa mwezi huu. Nikijikaza huenda nikapita.

Mwanao

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nikakaa chini. Pole sana.

Pistoni ningekurekebishia. Hili siliwezi, na kujikaza hakuliwezi. Ukibahatika ukapita, watakupa mwenzako mpya wa doria, atembee pale alipotembea Mrefu, akiutegemea mkono wako unaojikunja. Mwambie mkuu wako kabla ya jaribio. Lango si aibu. Mimi nimekaa karakanani maisha yangu yote na ulikula ukashiba.

Mama yako

19 Mei

Mama,

Shikamoo. Goti vipi?

Nilimwambia mkuu. Alinisikiliza, akaniandikia niende kwa daktari, akanipangia langoni. Nafungua, nafunga, nawasalimia madereva. Nachoka bado, ila jana nililala mpaka jua likaniamsha.

Niliporudisha bunduki, mtunza ghala aliuliza ina ubovu gani, aandike. Nikamwambia haina, inapiga sawasawa.

Mwanao wa langoni