Kuku Aliyetangulia Kutembea

Yustina mjukuu wangu,

Huku Sibwesa hatujambo, babu yako anapalilia mihogo. Umesema huko maabara mnatengeneza unga wa kalsiamu na fosfeti, madini yaleyale ya mfupa, mnapandikiza juu yake chembe hai muone kama mfupa utaota. Ukauliza zamani tulijuaje mfupa umeunga.

Nilipovunjika mguu nikiwa msichana, mganga wa mifupa alivunja mguu wa kuku wetu pia, akatufunga vijiti sote wawili. Kila asubuhi nilimchungulia kuku. Siku alipokimbilia mtama, mganga akasema, "Haya, simama." Nikasimama. Mama alikataa katakata kuku yule achinjwe.

Sasa vichupa vyenu vya maabara havina miguu. Nyie mnajuaje siku ya kumwambia mtu asimame?

Bibi yako, ninayetembea bado.