Filamu ya Halloween, Mwaka wa Kwanza Bila Baba

Lorna na Garrett,

Nimeitwa kazini hadi saa mbili usiku. Supu ya maboga iko jikoni, ipasheni moto. Bakuli la pipi liwekeni barazani kabla watoto wa mtaa hawajaanza kupita na vinyago vyao vya Halloween kuomba pipi, na wewe Garrett, usizimalize.

Asubuhi sikukasirika. Garrett aliposema, "Mama, Halloween hii tuangalie katuni tu, filamu za kutisha zitakuliza," na Lorna akamjibu, "Mwoga ni wewe, usimsingizie mama," nilitaka kucheka. Kisha nikaona kiti cha baba yenu, nikatoka bila kuaga. Mnisamehe.

Mnajua alivyokuwa. Kila mwaka aliiangalia filamu kwanza peke yake, ili ajue pa kuniambia, "Fumba macho, Noreen." Na alichelewa kuniambia makusudi, mjinga yule, nipige yowe apate kunikumbatia. Tangu tumzike, hakuna anayeniita Noreen humu ndani.

~~Basi chagueni katuni.~~

Hapana. Chagueni ya kutisha, tena yoyote yenye marehemu anayerudi kwa mkewe. Najua huwa zinaisha vibaya. Mkiona nimezidiwa, zimeni. Ila mniache niione ile sehemu ya mwanzo, anapobisha mlango na mke anakwenda kumfungulia.

Mama