Meno ya Yoyo ya Salma

Rhonda, Nakuru
Jumapili mchana

Kwako Baba,

Nakusalimu, nikiamini barua hii imekukuta umekaa nje ukiota jua na si kitandani. Goti linasemaje? Na sikio? Nanjala aliniambia kwamba siku hizi simu unaishika tu, unaitikia "ee, ee" hata kabla mtu hajauliza kitu. Ndiyo maana nimeandika. Nanjala, msomee polepole, na usiruke mahali nilipojiaibisha.

Mimi ni mzima. Vumbi la huku limetushinda. Unaanika shuka nyeupe, unaanua ya kahawia. Kazini bado tunatengeneza pampu za maji, na bado ni mimi peke yangu mwanamke. Wateja wanaouliza "fundi yuko wapi?" nikiwa mbele yao na spana mkononi wamepungua, lakini hawajaisha.

Sasa Baba, wiki hii nusura niharibu maisha ya mtu. Hapa kwenye ploti jirani yangu ni Bi Rukia, ambaye babu zake walitoka pwani, na binti yake Salma. Salma anacheza yoyo. Usicheke. Si ile ya plastiki uliyotununulia sokoni. Hii ni ya alumini, nyepesi, imechongwa vizuri mpaka unaogopa kuishika na mkono wa grisi. Ina vipande viwili, katikati beringi ndogo kuliko ukucha, na ekseli fupi ya chuma yenye meno kama ya skrubu, inayoshika pande zote mbili. Aliishinda kwenye mashindano Nairobi. Miaka minne amefanya mazoezi hapo nyuma ya vyoo, watu wakimwambia msichana mzima anacheza kama mtoto. Sasa kikundi kimoja cha sarakasi kinachotumbuiza mahotelini kilimwita akajaribiwe Longonot, Jumamosi. Wakimpenda, ni kazi.

Alhamisi jioni akaniletea. "Dada Nasi, inalegea nikiirusha. Juzi ilifunguka hewani, kipande kimoja kikaruka mpaka kwa jirani. Nikazie kidogo."

Kidogo, alisema. Mimi nikaizungushia kitambaa, nikaishika na plaizi upande huu na spana ya bomba upande ule, nikakaza kama ninafunga pampu. Baba, unaijua ile hali: inakuwa ngumu, ngumu zaidi, halafu ghafla inakuwa laini. Chuma kilikuwa kimekula meno ya alumini ndani ya tundu.

Na unajua nilifanya nini? Nilimrudishia. Nikamwambia, "Iko sawa."

Chakula hakikupita. Ijumaa asubuhi nilimkuta kwenye bomba akingoja ndoo ijae. Nikamwambia, "Salma, yoyo yako haiko sawa. Nimeua meno yake."

Akaniangalia. "Ulijua jana?"

"Nilijua."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alifunga bomba, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafunika uso na leso. Aliyetuokoa ni Bi Rukia, alitoka na mwiko mkononi: "Sasa mmekaa mnaangaliana, itajitengeneza yenyewe? Ifungueni tuone!"

Tukaifungua. Unga wa alumini ukamwagika kwenye kiganja changu kama majivu. Nikamulika ndani ya tundu na tochi ya simu, na Baba, hapo ndipo nilipopata pumzi. Ile ekseli ilikuwa fupi. Ilikuwa imekula meno ya mdomoni tu. Chini zaidi yalikuwepo mengine mazima, hayajawahi kuguswa. Kumbe tulihitaji ekseli ya unene uleule, ndefu zaidi kidogo.

Niliomba ruhusa kazini, tukazunguka maduka ya vyuma ya mjini, Salma akitembea hatua mbili mbele yangu. Duka la kwanza hawana. La pili hawana. La tatu mzee mmoja aliigeuzageuza akasema, "Hii si skrubu ya kitasa cha mlango?" Akatoa kikopo. Ilikuwepo, ila ilizidi urefu. Nikaibana kwenye jiriwa pale karakana, nikaipiga tupa taratibu, napima, napiga tena.

Wakati wa kuifunga nilimpa yeye mwenyewe. Nikamwambia aizungushe kinyume kwanza, mpaka asikie meno yamekaa mahali pake, ndipo aanze kukaza. Vidole tu, chombo chochote marufuku. Ikigusa beringi na kusimama, aongeze kidogo tu, kama anayefunga chupa ya dawa atakayoifungua tena kesho. Akanijibu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi: "Sasa mbona jana hukujua hayo?"

"Nilikuwa najionyesha," nikasema.

Akairusha. Ikashuka, ikabaki mwishoni mwa uzi ikizunguka, ikitetemeka kidogo tu, halafu akaivuta ikapanda. Mara kumi. Mara ishirini. Haikufunguka.

Jumamosi nilikuwa nimefungua pampu ya mteja, mikono imejaa mafuta, simu ikalia. Nikaipokea na kiwiko. "Wamenichukua! Dada, wamenichukua, naanza Jumatatu!" Nilikaa chini sakafuni. Bosi akakimbia: "Nasimiyu, umeumia?" Nikamwambia hapana, nimepona.

Jioni Salma alileta mahamri. Akasema bado ana kahasira kidogo, lakini kataisha. Nikamwambia ni haki yake.

Baba, wewe ulitengeneza baiskeli za watu maisha yako yote. Uliwahi kuharibu ya mtu ukamwambia iko sawa? Hukuwahi kutuambia. Mwambie Nanjala aniandikie jibu, neno kwa neno, hata kama ni fupi.

Msalimie Mama, mwambie leso aliyonitumia ndiyo ninayojifunika ninapoandika. Msalimie shangazi wa kanisani na mjomba anayechunga ng'ombe wetu. Nanjala, asante kwa sauti yako.

Ni mimi mwanao, mzima na mwepesi wa moyo leo,
Nasimiyu