Mstari wa Mjomba

Jumanne, 5 Agosti 2025

Semina, siku ya pili. "Ushirikiano wa Shule, Familia na Jamii." Feni moja, walimu sitini. Mwezeshaji, Hafidhi, katoka Dodoma. Ana sauti nzuri na projekta mbovu. Anasema ya maana, sikatai. Mzazi asiitwe shuleni kusomewa makosa ya mtoto tu. Mwalimu ajue mtoto anaishi na nani. Nimeandika yote.

Halafu ikaja fomu. Nafasi mbili: Baba. Mama. Nikanyoosha mkono. Na mjomba je? Nikaeleza kuwa sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, mwenye neno juu yake ni kaka wa mama. Ukumbi ukaangua kicheko. Hafidhi akasema mjomba naye atashirikishwa, ila yeye anaingia kwenye kundi la "jamii". Jamii! Yaani pamoja na mwenye duka na mwenyekiti wa kitongoji!

Nikakaa. Mimi, Mwanahawa, niliyesomeshwa na Mjomba Hatibu kwa cherehani yake pale Mwembesongo mjini, toka darasa la kwanza hadi chuo cha ualimu. Nikakaa kimya. Nimejichukia.

Alhamisi, 7 Agosti

Vyeti. Picha ya pamoja. Hafidhi atapanda Matombo, shuleni kwangu, tarehe 28, anataka kuona mkutano wa wazazi kwa macho yake. Mwalimu Mkuu wangu, Mwalimu Said, amenipigia simu mara tatu kuuliza huyo mgeni ana cheo gani. Nimemwambia ana projekta.

Jumatano, 13 Agosti

Mkutano wa kwanza wa majaribio. Akina baba thelathini na wanane! Haijawahi kutokea. Mkuu kawapanga viti vya mbele, akina mama nyuma. Mimi mlangoni na orodha.

Akaja Mzee Bartholomeo. Koti la kanisani, limepigwa pasi, na juu ya bega mkungu wa ndizi kwa ajili ya walimu. Ni mjomba wa Rehema, kichwa cha darasa langu la saba. Nikatafuta jina. Halipo. Mkuu alikuwa ananitazama, amesema wasioandikwa wasiingie. Nikamwambia samahani mzee, tunapokea walioandikwa tu. Akauliza taratibu: "Mwalimu, mwenye mtoto si mimi?" Nikasema baba yake ameshaingia.

Akaushusha mkungu, akauegemeza ukutani, akaondoka. Watu wote waliona.

Wilfred, baba yake Rehema, kasaini kila karatasi aliyopewa. Mkuu kafurahi mno. Mimi sina raha.

Alhamisi, 14 Agosti

Rehema hajaja.

Ijumaa, 15 Agosti

Hajaja. Mtihani wa taifa ni tarehe 10 Septemba. Huyu si mtoto wa kukosa, aliwahi kuja na homa nikamrudisha mwenyewe.

Jioni nikaenda kwao. Wilfred kanipa kigoda, kanipa chai ya mchaichai, kaniambia yeye anataka sana binti asome. Basi mlete! Akacheka kwa huzuni. "Mwalimu, mimi hapa ni mkwe. Niliikuta nyumba, nikakuta na shamba." Mama Rehema, Modesta, alikuwa anamenya mihogo, hakuniangalia. Akasema kaka yake kamchukua mtoto kwake juu kule. Shule imesema haimjui mjomba, basi mjomba naye haijui shule.

Sasa lile koti liko mbele ya macho yangu kila nikifumba.

Jumapili, 17 Agosti

Nimepanda kwa Mzee Bartholomeo baada ya misa. Saa nzima ya kupanda, magoti yanalia. Nikamkuta anaanika karafuu. Shikamoo. Marahaba. Nikasema nimekuja kuomba radhi. Akaendelea kuzitandaza karafuu kwa kiganja, moja moja utadhani anazijua majina. Mwisho akasema: "Nilivaa koti, mwalimu." Hilo tu.

Rehema alikuwa mlangoni na kitabu cha Sayansi. Anasoma peke yake. Kaniuliza kwa sauti ndogo kama tumeshamaliza mada ya umeme. Nimeshuka mlima nikilia, na sikujificha.

Jumatatu, 18 Agosti

Mkuu anataka kumpeleka Wilfred kwa mtendaji wa kijiji kwa kosa la kumwachisha mtoto shule. Nikamwambia Wilfred hana kosa wala hana uwezo. Akasema sheria inamjua baba. Nikasema sheria inajua mzazi na mlezi, ni sisi tuliomfukuza mlezi mlangoni. "Ni wewe," akasema. Kweli. Ni mimi.

Lakini fomu nimezichukua. Zote arobaini na tatu. Nimekaa na rula, nimechora mstari wa tatu kwenye kila moja: Mjomba.

Jumatano, 20 Agosti

Mkuu kaziona. Kelele! Eti nimeharibu nyaraka. Eti Hafidhi atatushangaa. Eti nitaandikiwa barua ya kujieleza. Nikamwambia aniandikie, kalamu ninayo. Ezekiel, anayefundisha darasa la nne, alinikanyaga mguu chini ya meza ninyamaze. Nilinyamaza semina. Inatosha.

Jioni nikampigia Mjomba Hatibu, nikamweleza yote. Cherehani ikasimama. Kisha: "Kwa hiyo uliyemzuia pale mlangoni ni mimi." Akaendelea, hasira ikiwa imepungua: na ukaenda kuomba radhi peke yako, kama huna watu? Nani alikufundisha hivyo? Hiyo nayo ni ya semina?

Anakuja Jumamosi.

Jumamosi, 23 Agosti

Mjomba Hatibu ana miaka sabini na moja na goti bovu. Bodaboda ilimfikisha pale njia inapoishia, kuanzia hapo akapanda kwa fimbo. Nikamwambia tupumzike. Akasema yeye hakuja kupumzika.

Kwa Mzee Bartholomeo sikuruhusiwa kusema hata neno. Nilikaa mkekani kama mwali. Wazee wakaulizana kwanza ukoo, nyumba, nani alizikwa wapi. Nusu saa nzima ya makaburi! Ndipo Mjomba akasema: "Huyu ni mtoto wangu. Mimi ndiye niliyemsomesha, na aliyekosea kumfundisha ni mimi. Aliyekufungia mlango ni mimi. Nimekuja kuufungua."

Mzee Bartholomeo akamwangalia sana. Akaniangalia na mimi. Akasema mtoto atarudi darasani siku yeye atakapopita mlango ule ule, mbele ya watu wale wale. Hadi hapo, hapana. Na asiingizwe kwa mlango wa nyuma kama mbuzi.

Nikasema tarehe 28. Mjomba akanikazia macho kwa kuthubutu kusema, lakini alikuwa anacheka.

Jumatano, 27 Agosti

Mkuu kanitoa mlangoni. Kesho atakaa Ezekiel na orodha ya zamani. Fomu zangu zimefungiwa kabatini. Kaniagiza nihudumie maji ya kunywa. Maji! Nimemwambia Mzee Bartholomeo anakuja. Kasema jina halipo.

Sawa. Nimechora orodha nyingine. Iko ndani ya shajara hii hii, kurasa mbili zijazo. Safu tatu: Baba, Mama, Mjomba.

Sina hakika na kesho. Nikikosea tena, Rehema haoni mtihani, na safari hii hakuna mjomba wa kunikomboa. Naogopa. Nitaenda hivyo hivyo, nikiwa naogopa.

Alhamisi, 28 Agosti

Naandika nimesimama, daftari juu ya simtanki la maji. Lazima niandike sasa.

Hafidhi yumo ndani. Akina baba wamejaa viti vya mbele. Saa nne kasorobo akatokea Mzee Bartholomeo, koti lile lile, na Rehema pembeni yake, sketi ya shule, soksi nyeupe. Nyuma yao wazee wengine, wajomba wa wanafunzi wetu. Nimehesabu kumi na mmoja. Sikuwaita! Alizungukia vijiji yeye mwenyewe.

Akafika mlangoni, akasimama. Ezekiel maskini anapekua orodha. Jina? Bartholomeo. Wewe ni baba wa nani, mzee?

Akabaki kizingitini. Mkuu akapaza sauti kutoka ndani kwamba wasioandikwa wasubiri nje.

Ndipo Wilfred akainuka. Wilfred wa kusaini kila karatasi! Katoka kiti cha mbele, kapita katikati ya watu, katoka nje, kasimama nyuma ya shemeji yake. Mkuu akamwuliza anakwenda wapi, yeye si ndiye baba? Akasema: "Ndiyo, mwalimu, na mimi nina dada. Watoto wake wako shule ya ng'ambo ya mto, na wiki iliyopita nilirudishwa mlangoni."

Nilikuwa na jagi mkononi. Sijui nililiweka wapi.

Akainuka baba mwingine. Na mwingine. Kila aliyekuwa ndani kama baba ni mjomba wa mtu mahali fulani, na mimi na semina yangu hatukuliona hilo! Viti vya mbele sasa vitupu. Uani kumejaa wanaume. Akina mama wamebaki ndani wamegeuka kututazama, na Modesta anacheka, kaficha mdomo kwa kanga. Hafidhi kasimama kati ya viti vitupu na kamera yake, hajapiga picha. Anamwuliza Mkuu kitu, Mkuu ananinyooshea kidole.

Mkuu kaniita niwarudishe ndani. Sijaenda. Mzee Bartholomeo bado yuko kizingitini, mguu haujavuka. Rehema kamshika mkono wa koti, ananiangalia mimi.

Naitwa tena, kwa jina langu na la baba yangu. Aite.

Nimefungua ukurasa wenye safu tatu. Naenda mlangoni na daftari langu, nimwulize mzee jina lake na la mpwa wake, niandike mbele ya watu wote.