Breki ya Upande wa Mama

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshiba, na kile kikohozi kimekuacha. Sisi huku hatujambo. Mama anauliza kama bado unalala bila soksi. Baba naye hajambo kwa namna yake, nitafika kwake, usiniharakishe.

Kwanza barabara. Ukija hutaitambua. Ile barabara yetu ya magari tu, ambayo kuvuka tu kwenda kununua chumvi ilibidi upande gari mpaka kwenye mzunguko ndipo urudi, imepangwa upya yote. Katikati ni njia ya mabasi peke yake, pembeni njia ya baiskeli, kisha njia pana ya waenda kwa miguu yenye miti michanga iliyofungiwa vijiti. Kwenye viwanja vya kuegesha magari yameota maghorofa, chini maduka, juu watu wanaanika nguo. Na mimi fundi cherehani, niliyezoea kupitwa na magari kama sipo, sasa watu wakisubiri basi wananichungulia dirishani. Wengine huingia kuuliza bei tu, wakatoka wamepimwa gauni.

Mimi nilifurahi, Baba alinuna. Kwenye mikutano ya mradi alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Aliwaambia kwamba yeye ni mwalimu wa udereva, amefundisha nusu ya mji kwenye barabara ile, na haoni kwa nini iguswe. Mhandisi, mwanamke mpole, akamweleza habari za watu wanaogongwa wakivuka. Baba akajibu kuwa yeye hajawahi kugonga hata kuku. Tulicheka, maana ubishi wake unaujua.

Jingine tulilolichekea ni mapenzi yao ya uzeeni. Baba hakutoka na gari bila Mama. Akienda kunyoa, Mama yumo. Sokoni, msibani, kujaza upepo, Mama yumo, kajitanda mtandio, kakaa kile kiti cha mwalimu. Unakumbuka gari lile lina breki ya pili upande wa abiria, ya kumwokoa mwanafunzi akichanganyikiwa. Niliwatania kwamba wamerudi kuwa maharusi. Mama alitabasamu, akaangalia kwingine.

Siku njia mpya zilipofunguliwa, Baba alitoka na gari asubuhi kweupe, akakata kona palepale alipozoea, akapanda nalo juu ya jukwaa la kituo cha basi. Namshukuru Mungu hakuumia mtu. Nilikimbia kutoka dukani futi ikiwa shingoni, nikamkuta ameshika mlango wa gari, anamwambia kila anayepita kwamba wameihamisha barabara. Mama alikuwa bado ameketi ndani, mguu umeikandamiza breki. Nilimbembeleza sana mpaka akaiachia.

Nilimleta dukani nikampa maji. Ndipo aliponiambia.

"Baba yako haoni, mwanangu. Anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Ile barabara alikuwa nayo kichwani. Taa nilikuwa namwambia mimi, na akichelewa nakanyaga."

Mama yetu huyu, ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli.

Sikufichi, nilikasirika. Niliwafikiria watoto wa shule wanaovuka pale, nikasema maneno makali, kisha tukalia wote wawili. Daktari amesema ni presha ya macho. Alichokipoteza hakirudi, dawa italinda kilichobaki. Baba akamkabidhi Mama funguo, akawa anashinda sebuleni ameshika redio bila kuiwasha. Nilimhurumia mpaka cherehani ikanishinda.

Kilichomtoa ndani ni basi lilelile alilolipinga. Mama alimvuta mkono wakaenda. Kituoni wameweka vigae vyenye vinundu, ukikanyaga unajua ukingo uko wapi, na ndani ya basi sauti hutaja kila kituo. Bahati ikaangukia dereva aliyefundishwa na Baba mwenyewe, akamkalisha kiti cha mbele kwa heshima zote. Siku hizi anapanda peke yake. Basi likikaribia kituo, mguu wake unakanyaga sakafu, na akirudi anatuambia kuwa wanafunzi wake wanachelewa kushika breki. Na yule mhandisi, Baba sasa anamsifu kama vile yeye mwenyewe ndiye aliyemtuma.

Sasa nikuambie kwa nini nimeandika. Baba alinikataza. Alisema, "Usimwambie. Nataka anione kwanza kama alivyoniacha." Nami nimelivunja neno lake, kwa sababu siku utakayofika atakuja kukupokea kituoni, peke yake, amekataa Mama amsindikize. Nami nakujua. Tangu shule ulikuwa unajibanza nyuma ya wenzako, kimya, ili Baba akutafute kwa macho mpaka akupate, na kila mara alikupata.

Safari hii usijibanze, mdogo wangu. Usipunge mkono kwa mbali ukangoja. Ukishuka tu, mwite. Mwite kwa sauti, uendelee kumwita mpaka ageuke, halafu mwache akuambie mwenyewe.

Mama anakuombea safari ya salama, nami nakukumbatia tangu sasa. Uje na soksi.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Fundi